Digrii ya Onasi: Mambo ya Kujua kwa Kikundi Kinachosomesha Mtoto



Kila mwaka vyuo vikuu vyetu vikianza kupokea wanafunzi wapya, kuanzia Agosti na Septemba hivi, vikundi vya kujisaidia huwa na kazi. Mtoto wa kijiji amepata C+ ama zaidi katika KCSE, barua imekuja, na kamati inakaa chini ya mti kuhesabu mchango. Watu hutoa kwa moyo: huyu kuku, huyu debe la mahindi, huyu shilingi mia mbili. Siku hiyo hupita vizuri na chai hunyweka. Baada ya hapo, kwa miaka minne, kikundi husubiri tu kusikia kwamba mtoto "amemaliza".

Hilo neno "amemaliza" ndilo limetufanya tuandike. Mtoto anaweza kumaliza kwa namna nne tofauti, na namna aliyomaliza nayo inaweza kumfungulia mlango ama kumfungia. Ukitazama cheti chake cha digrii, chini ya jina la masomo utakuta pengine neno moja ambalo wengi wetu hatuulizi maana yake: "Honours". Wanafunzi hulitamka onasi, na sisi tutaliandika hivyo hivyo.

Onasi si digrii ya bure

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja. Redio ikitangaza kwamba mheshimiwa fulani ametunukiwa shahada ya heshima, huyo hakuisomea. Chuo kimempa kama zawadi kwa kazi yake. Onasi ya mwanafunzi ni jambo lingine kabisa. Hiyo hupimwa kwa alama za mitihani, na hakuna anayeipata kwa ukubwa wa jina.

Mambo haya yalianzia Uingereza. Mwaka 1800 chuo kikuu cha Oxford kilitunga sheria mpya ya mitihani, maana ile ya zamani ilikuwa imelegea sana. Anayetaka digrii tu alifanya mtihani wa kawaida. Anayetaka kujipima zaidi alifanya mtihani mgumu wa onasi, na baadaye waliofaulu wakawa wanapangwa kwa madaraja. Mpango huo ulitufikia hapa kwetu kupitia University of London, ambayo digrii zake zilisomewa Makerere kuanzia 1949 na Nairobi kuanzia 1961. Mwaka 1963 vyuo vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa University of East Africa, na mwaka 1970 kila kimoja kikasimama peke yake. Walipogawana, madaraja ya onasi hayakutupwa. Yako mpaka leo.

Madaraja yenyewe

Katika vyuo vyetu vingi vya umma, wastani wa 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, yaani First Class. Kutoka 60 hadi 69 ni daraja la pili juu, ambalo vijana huliita sekondi apa. Kutoka 50 hadi 59 ni daraja la pili chini, sekondi loa. Kutoka 40 hadi 49 ni pasi. Pasi ni digrii kamili, tusije tukadanganyana, lakini neno onasi halimo ndani yake. Masomo ya udaktari wa binadamu kwa kawaida hayagawanywi kwa madaraja haya, kwa hivyo mzazi wa daktari asihangaike kuyatafuta.

Hapa tuseme neno kwa wazazi. Kuna mama anayekumbuka mtoto wake akileta 85 shule ya msingi, sasa anamwona na 63 chuoni, moyo unamdunda. Mama, 63 ya chuo kikuu si mchezo. Hiyo ni B, na ni alama ya sekondi apa. Ukisikia 70, hiyo ni A, chinja kuku. Alama za chuo kikuu hupimwa kwa mizani nyingine, na wengi wa wanaomaliza huangukia katika daraja la pili, juu ama chini.

Ikiwa mtoto wenu anasoma Uganda, kama wengi wa kule Busia na Malaba wanavyofanya, hesabu yake ni tofauti kidogo. Makerere hutumia pointi hadi 5. Daraja la kwanza huanza 4.40, na la pili juu huanza 3.60. Kwa hivyo kijana akiandika kwamba ana 3.8, msifikirie ni 3.8 katika mia. Anaendelea vizuri.

Daraja hujengwa tangu lini?

Wengi hufikiri daraja la digrii huamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho, kama KCSE. Sivyo. Masomo ya chuo kikuu yamegawanywa katika yuniti, na mwanafunzi huchukua kama yuniti sita kila semista, semista mbili kwa mwaka. Kila yuniti ina alama yake, na alama hizo hukusanywa mwaka baada ya mwaka hadi mwisho. Vitivo vingine hupima miaka yote sawasawa, vingine huipa miaka ya mwisho uzito zaidi. Mwambieni mtoto awaulize walimu wake mapema chuo chake kinatumia njia gani. Jibu hilo halifichwi, limeandikwa katika kitabu cha sheria za masomo ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa hakifungui kabisa.

Ndani ya yuniti moja pia alama hazitoki mahali pamoja. Mara nyingi 30 hutoka kwenye mitihani midogo na kazi za katikati ya semista, ambazo wanafunzi huziita kati, na 70 hutoka kwenye mtihani wa mwisho. Hii ina maana kwa kikundi. Tukimwita kijana arudi nyumbani wiki nzima kwa sababu ya mkutano wa mchango, au asimamie kazi ya shamba, pengine tumemtoa kwenye kati ambayo hairudiwi. Amekuja kutusalimia na amepoteza alama kumi. Mikutano ifanywe likizo, ama mtoto aandike barua isomwe.

Sasa tufanye hesabu kidogo, mweka hazina ashike kalamu. Tuseme msichana ana yuniti 12 mwaka huu, na katika kila moja amepata 64. Jumla ni 768, ukigawa kwa 12 unarudi kwenye 64, sekondi apa. Sasa tuseme zile tatu za mwisho hakufanya vizuri, akaanguka, akalazimika kufanya mtihani wa marudio, ule wanaouita sapu. Katika vyuo vyetu vingi, mtu akifanya sapu hata akiandika kama profesa, alama anayoandikiwa ni 40 basi, ile ya kufaulia. Hesabu yake inakuwa 64 mara 9, ambayo ni 576, ongeza 40 mara 3, ambayo ni 120. Jumla 696. Gawanya kwa 12 upate 58.

Mtoto ni yule yule na akili ni ile ile. Yuniti tatu tu zimemtoa 64 hadi 58, kutoka sekondi apa hadi sekondi loa. Kama ni mwaka mmoja tu anaweza kupanda tena. Ikitokea miaka miwili, ni vigumu.

Pesa zikichelewa

Hapa ndipo sisi wa kikundi tunaingia moja kwa moja. Kabla ya mtihani wa mwisho wa semista mwanafunzi huhitaji kadi ya mtihani, na vyuo vingi havitoi kadi hiyo kama karo haijalipwa. Hebu fikiria kijana ambaye wiki ile wenzake wanajisomea usiku, yeye anazunguka ofisi kwa ofisi akibembeleza, na anapiga simu nyumbani kila saa. Akiruhusiwa, anaingia chumba cha mtihani akiwa amechoka na hajasoma. Asiporuhusiwa, ameikosa karatasi.

Kukosa karatasi nako kuna namna mbili. Ukiwa na sababu inayokubalika, kama ugonjwa au msiba, na ukiandika barua mapema pamoja na ushahidi, chuo kinaweza kukupa mtihani maalum. Huo si sapu. Alama utakazopata huandikwa kama zilivyo, hata zikiwa 75. Lakini ukinyamaza, wakakuhesabu kama mtu aliyekosa bila sababu, umejiingiza taabuni. Kama upungufu wa karo unahesabiwa ni sababu au la, vyuo havifanani. Kijana aende ofisi ya idara yake kabla ya mtihani, si baada, na aandike. Vijana wetu wana aibu ya kusema hawana pesa. Mwambieni aibu hiyo ni ghali.

Kutokana na haya, sisi tunaona vikundi vingi vinatoa pesa kwa namna isiyofaa sana, ingawa nia ni nzuri. Harambee kubwa inafanywa mwanzoni, zinapatikana tuseme shilingi 80,000, na zote zinakabidhiwa siku ile ile mbele ya wageni. Mwaka wa kwanza mtoto ananunua godoro, sufuria na simu, na analipa karo yote. Mwaka wa tatu hakuna anayemkumbuka. Afadhali zile 80,000 ziwekwe benki au Sacco na zigawanywe kwa semista 8, shilingi 10,000 kila moja, na zilipwe wiki za kwanza za semista moja kwa moja katika akaunti ya chuo. Shilingi 10,000 iliyofika kwa wakati hulinda alama kuliko 30,000 iliyofika mtihani ukiwa umekwisha.

Zipo pesa nyingine pia. HELB, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoa mikopo, lakini mwanafunzi sharti aombe upya kila mwaka. Wako wanaoomba mwaka wa kwanza wakadhani yameisha. Basari za NG-CDF na za kaunti husaidia, ila mara nyingi hufika kwa kuchelewa. Kazi nzuri ya mfuko wa kikundi ni kuziba pengo hilo la kungoja. Pesa za basari zikifika, zile za kikundi husogezwa semista inayofuata.

"Projekti" ya mwaka wa nne

Mtoto akifika mwaka wa nne ataanza kuongea juu ya projekti. Wanakikundi, hii si projekti ya mbuzi wa maziwa! Ni kazi ya utafiti. Mwanafunzi huchagua swali lake mwenyewe, hukusanya habari, hupima au huhoji watu, kisha huandika kitabu kidogo na kukitetea mbele ya walimu wake. Kwa digrii nyingi za onasi hii ndiyo kazi inayoonyesha kama mtu anaweza kufikiri peke yake bila kusomewa.

Gharama zake huwashangaza wazazi maana hazimo katika karo: nauli ya kwenda kuhoji watu, kuchapisha, kufunga kitabu, pengine kupima udongo au maji kwenye maabara. Kikundi kikiweka akiba kidogo kwa ajili ya mwaka wa nne, kitakuwa kimemsaidia mahali ambapo HELB haifiki.

Na kuna jambo zuri hapa. Utafiti huo unaweza kufanywa kijijini. Msichana anayesomea kilimo anaweza kuuliza kwa nini mahindi ya kikundi huoza ghalani. Anayesomea biashara anaweza kuchunguza, kwa ruhusa yenu, jinsi mikopo yenu ya mzunguko inavyorudishwa. Anayesomea maji ana kisima chenu. Mkaribisheni, mjibuni maswali yake kwa ukweli, msimpe majibu matamu ili apate alama nzuri. Mwisho mwombeni nakala moja ibaki kwenye sanduku la kikundi.

Mtoto akiwa ng'ambo

Tangu ndege za wanafunzi alizopanga marehemu Tom Mboya mwaka 1959, vijana wetu wameendelea kwenda Marekani kusoma. Huko neno onasi lina maana nyingine, na imewahi kuleta kutoelewana nyumbani.

Marekani si lazima onasi iwe daraja la digrii. Mara nyingi ni masomo ya pekee ndani ya chuo. Mwaka 1922 Frank Aydelotte, rais wa chuo cha Swarthmore katika jimbo la Pennsylvania, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Oxford, alianzisha mpango wa onasi. Wanafunzi waliochaguliwa huacha kukaa katika madarasa ya kawaida kwa sehemu kubwa ya miaka yao miwili ya mwisho. Badala yake hukutana wachache wachache na mwalimu, kila mtu akiwa amesoma na kuandika, wakahojiana. Mwishoni wanaowatahini ni wasomi kutoka vyuo vingine, kwa maandishi na kwa mdomo, ili mwalimu asiwe yeye anayefundisha na yeye anayehukumu. Vyuo vingi viliiga, kila kimoja kwa namna yake. Arizona State University, kwa mfano, ina chuo kizima ndani yake kiitwacho Barrett, ambapo mwanafunzi wa onasi huanza kwa semina ya kusoma na kujadiliana, na humaliza kwa kuandika tasnifu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Barua ikifika ikisema mtoto amekubaliwa katika "honors college" au "honors program", hiyo ni sifa kwelikweli, lakini si ufadhili. Haisemi karo imelipwa. Vyuo vingine hata hutoza ada ya ziada kwa masomo hayo, na Barrett ni kimoja wapo. Kabla ya kuitisha harambee ya tiketi ya ndege, mtafuteni mtu anayesoma Kiingereza vizuri aisome barua yote, atafute mahali panapotajwa pesa: ni ngapi, kwa miaka mingapi, na kwa sharti gani. Kama hapatajwi, chuo kiandikiwe kiulizwe. Msiuze shamba kwa neno "honors".

Wamarekani pia huweka maneno ya Kilatini katika digrii: cum laude ni kwa sifa, magna cum laude ni kwa sifa kuu, na summa cum laude ni kwa sifa ya juu kabisa. Hata hapa nchini mtaweza kuyaona kwenye vyuo vinavyofuata mtindo wao, kama USIU-Africa pale Nairobi.

Afrika Kusini ni tofauti tena. Kule digrii ya kwanza huwa miaka mitatu, na onasi ni mwaka mmoja mwingine kamili baada ya hapo, una mahafali yake na karo yake. Kijana akiwaandikia kwamba "nimebaki mwaka mmoja wa honours", hajaanguka na harudii darasa. Amechaguliwa kuendelea. Msimnunie.

Daraja linafungua nini?

Kazi nyingi za kwanza haziangalii daraja sana. Kwa mwalimu wa sekondari, TSC huangalia digrii ya ualimu pamoja na C+ katika KCSE na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Mwenye pasi anaweza kufundisha na kufundisha vizuri.

Lakini akitaka kuendelea na digrii ya pili, mambo hubadilika. Vyuo vyetu mara nyingi hutaka daraja la pili juu kwenda mbele. Mwenye la pili chini huweza kuombwa aonyeshe kwanza miaka miwili hivi ya kazi inayohusiana na masomo hayo. Mwenye pasi huzunguka njia ndefu zaidi, kwa mfano kusoma kwanza diploma ya juu. Misaada ya masomo ambayo vyuo na mataifa ya nje hutangaza mara kwa mara huanza kuhesabu kwenye sekondi apa. Kwa hiyo yule msichana wa 64 aliyeteremka hadi 58 amebaki na digrii yake, lakini tangazo la msaada likitoka gazetini, hataweza kujaza fomu.

Kuuliza matokeo bila kumdhalilisha mtoto

Vikundi vingine hutaka kuandikia chuo barua kuomba alama za mwanafunzi. Siku hizi haitawezekana kirahisi. Mwanafunzi wa chuo kikuu kwa kawaida ni mtu mzima, na tangu sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 chuo hakina ruhusa ya kumpa kila anayeuliza. Hata mzazi anaweza kurudishwa mlangoni.

Njia iliyo rahisi ni kupatana tangu mwanzo, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Mtoto, mzazi na kamati wakubaliane, na mwandishi aandike katika kitabu cha mikutano, kwamba kila mwisho wa mwaka wa masomo mtoto ataleta karatasi yake ya matokeo. Iangaliwe na watu wawili au watatu walioteuliwa, si kusomwa mbele ya mkutano wote. Waulize mambo machache tu: wastani ni ngapi, kuna sapu, na kama ipo ilisababishwa na nini. Kama sababu ni karo iliyochelewa, jibu liko kwa mweka hazina. Kama sababu ni somo gumu, wamuulize kama amemwona mwalimu. Na kama mtoto hakuleta karatasi kabisa mwaka wa pili, mtu mmoja anayempenda, shangazi au mwalimu wake wa zamani, apande gari amtembelee chuoni kabla ya semista kwisha.